Somo: Kumchora mbu wa malaria kwa kompyuta

Wengi mmeomba nianze na programu. Nitawaudhi kidogo, tunaanza na mbu mwenyewe. Kompyuta haikuonyeshi usichokiona, na kosa ninalokutana nalo kila mara ni mbu ambaye miguu yake inatoka tumboni. Miguu yote sita hutoka kifuani, na mbawa ni mbili, si nne.

Tafuta Anopheles (ndiyo jamii ya mbu wa malaria) jike aliyekufa, lenzi ya mkono, simu yenye kamera, rula ya milimita, na Inkscape, programu ya bure ya kuchora kwa vekta. Mchoro wa vekta huhifadhiwa kama mistari na hesabu zake, kwa hiyo hata ukiukuza ukajaa ukuta haufifii. Kipanya cha kawaida kinatosha.

Hatua ya 1. Mlaze mbu kwenye karatasi nyeupe, weka rula ubavuni mwake, piga picha ukiwa juu yake wima. Rula isikosekane.

Hatua ya 2. Ingiza picha (Ctrl+I) kwenye tabaka la chini kabisa, ififishe nusu, kisha lifunge tabaka lisisogee. Kabla hujachora hata mguu mmoja, chora mstari juu ya milimita moja ya ile rula. Huo ndio mstari wa kipimo. Zamani mimi niliandika tu "mara 12". Mteja akauchapa mchoro kwenye bango la mlangoni, maandishi yakaendelea kudai mara 12 na mbu keshakuwa mkubwa kama paka. Mstari ukiunganishwa na mchoro mwishoni (Ctrl+G), vinakua na kupungua pamoja.

Hatua ya 3. Bonyeza B upate kalamu ya mikunjo. Mguu mmoja nukta nne au tano zinautosha. Ukiweka ishirini utapata mguu unaotetemeka. Kisha bonyeza N, uvute nukta mojamoja mpaka mkunjo ukae.

Kichwani ndipo pa kukaa sana. Katikati kuna mrija wa kunyonyea, na pembeni yake viungo viwili viitwavyo palpi, virefu karibu sawa na mrija wenyewe. Kwa Culex, jamii nyingine ya mbu, palpi za jike ni fupi mno. Ukizifupisha, basi umechora mbu mwingine. Halafu papasi, zile nyuzi mbili za kupapasia kichwani: za jike zina vinyweleo haba, za dume zimejaa kama manyoya.

Hatua ya 4. Kivuli. Nuru itoke juu kushoto, ndiyo desturi ya fani. Usipake ukungu wa kijivu, weka vitone: visongamane penye giza, vitawanyike penye mwanga. Shuleni tulikatazwa kabisa kutia kivuli kwenye mchoro wa baiolojia, na kwa anayeanza bado nakubaliana na walimu wetu.

Hatua ya 5. Hifadhi SVG, faili la vekta la Inkscape; mteja mpe PDF.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikiupunguza mchoro unageuka doa jeusi. Nakosea wapi?*
Umbo linapungua, unene wa mistari haupungui. Ukishika mshale wa kuchagulia, juu kuna kitufe cha kufanya unene ubadilike pamoja na umbo. Kiwashe.

*Shikamoo mwalimu. Sina kompyuta, nina simu tu.*
Marahaba. Chora kwa wino mweusi kwenye karatasi, mara mbili ya ukubwa utakaotumika, upige picha mchana karibu na dirisha. Siku ukipata kompyuta, hata ya kukodi saa moja, Inkscape ina amri ya kugeuza wino huo kuwa vekta.

*Naweza kufuatisha picha niliyoikuta mtandaoni?*
Ya mtu, bila ruhusa yake, hapana. Kuipitishia kalamu juu hakuifanyi yako. Na hata akikuruhusu, picha moja ni mbu mmoja, pengine kavunjika mguu. Tazama watatu wanne, uchore wanachofanana.

*Nimemchora katua sambamba na ukuta, naambiwa huyo si Anopheles.*
Umeambiwa kweli. Anopheles akitua huinua mkia, mwili ukanyooka mshazari kuanzia mrija hadi ncha ya tumbo. Anayelala sambamba, mgongo umepinda, ni Culex au Aedes. Mbu mfu hatakuonyesha mkao huo. Leo usiku washa tochi, umtazame ukutani vizuri kabla hujampiga.