Kuhakiki Pipeti ya Mililita 10 kwa Kupima Maji Kwenye Mizani

Pipeti, yaani mrija wa kupimia na kuhamishia kimiminika, ikiwa ya kioo, ya daraja A (daraja la usahihi wa juu) na yenye ujazo wa mililita 10, inaruhusiwa kukosea kwa mililita 0.02 tu, iwe imezidisha au imepunguza. Kosa dogo kiasi hicho halionekani kwa macho, na ndiyo maana maji inayoyatoa hupimwa kwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.0001, kisha gramu hizo zikageuzwa kuwa mililita.

Osha pipeti mpaka maji yateremke ndani yake kama utando mmoja usiokatika. Matone yakiganda ukutani, bado kuna mafuta, na hakuna hesabu itakayookoa kipimo hicho. Acha pipeti, maji yaliyokenekwa na chupa ndogo yenye kifuniko vikae pamoja karibu na mizani kwa saa mbili hivi, halafu pima jotoridi la maji yenyewe.

Vuta maji kwa balbu ya mpira yapite alama iliyochorwa kwenye shingo ya pipeti, futa ncha kwa nje, kisha uyashushe polepole, jicho likiwa usawa wa alama, hadi sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji iiguse. Ondoa tone linaloning'inia kwa kuligusisha kwenye ukuta wa bika (chombo cha kioo cha maabara). Shika pipeti wima, ncha ikigusa ukuta wa chupa iliyoinamishwa, na uyaache maji yatiririke yenyewe bila kupuliza, kwa kuwa tone linalosalia ndani ya ncha lilikwisha kuzingatiwa alama ilipochorwa. Funika chupa mara moja, pima, rudia mara 10, kisha tafuta wastani.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka. Hewa huyainua maji kidogo, hivyo mizani husoma pungufu. Mawe ya chuma yaliyotumika kuirekebisha mizani nayo huinuliwa, ila kwa kiasi kidogo zaidi, kwa sababu densiti yake, yaani gramu katika kila mililita, ni 8.0. Kanuni ni hii:

ujazo = gramu × (1 − densiti ya hewa ÷ 8.0) ÷ (densiti ya maji − densiti ya hewa)

Dar es Salaam, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, maji yana densiti ya 0.99705 na hewa takriban 0.00118, kwa hiyo kila gramu moja ni mililita 1.0040. Wastani wa gramu 9.952 unatoa mililita 9.992, na pipeti imefaulu vizuri. Ukigawanya kwa densiti ya maji peke yake utapata 9.981, yaani pipeti nzuri itaonekana iko ukingoni mwa kukataliwa.

Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko, kizidishio hicho cha kugeuza gramu kuwa mililita kwenye jotoridi hilohilo ni kama 1.0038. Densiti ya hewa hutegemea kanieneo yake (mgandamizo wa hewa), lakini usiichukue kanieneo hiyo kutoka kwenye taarifa ya hali ya hewa, kwani kwa kawaida hiyo huwa imerekebishwa ilingane na usawa wa bahari. Soma barometa iliyomo chumbani, na uandike kanieneo na jotoridi kando ya kila matokeo.