Kubadilisha beringi ya tairi la mbele nyumbani: Corolla 110, hatua kwa hatua

Beringi ya kwanza niliyobadilisha kwa mikono yangu niliiingiza kwa nyundo na kipande cha bomba. Ilikaa vizuri, mlio ukaisha, nikafurahi. Miezi miwili baadaye mlio ulirudi kwenye tairi lile lile. Nilipoipasua niangalie ndani, njia ya gololi ilikuwa na vidonda vidogo vilivyopangana kwa nafasi ileile ya gololi zenyewe. Kila pigo la nyundo lilikuwa limezikandamiza gololi kwenye chuma. Beringi ilikuwa mpya na nzuri, mimi ndiye niliyeiua siku ileile ya kuifunga.

Tangu hapo nagawa kazi hii mara mbili. Kufungua na kufunga nafanya uani kwangu. Kutoa beringi na kuingiza mpya nampelekea fundi mwenye presi (mashine ya kukandamiza), nami nasimama pale pale mpaka amalize. Mwongozo huu unafuata mgawanyo huo. Gari ninaloeleza ni Toyota Corolla 110, ambayo beringi yake ya mbele imebanwa ndani ya nako, kile chuma kinene kinachobeba tairi la mbele. Magari mengi ya Toyota ya rika lake yanafanana nayo kwa mbele, ila saizi za nati na nguvu za kukaza uhakikishe kwenye kitabu cha gari lako.

Kwanza hakikisha ni beringi

Beringi iliyochoka huvuma, uuu, na mvumo hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Tairi lililolika vibaya nalo huvuma, na hapo ndipo watu wengi hununua beringi bure. Tofauti yao ni barabara: ukitoka lami laini ukaingia lami ya kokoto, mvumo wa tairi hubadilika, wa beringi unabaki vilevile. Halafu sikiliza kwenye kona ndefu. Ukikata kulia uzito wa gari unalalia upande wa kushoto, kwa hiyo mvumo ukizidi unapokata kulia, anza kushuku beringi ya kushoto.

Sasa inua gari. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, tazama bolijointi, kiungo cha mpira wa chuma kinachounganisha nako na mkono wa chini. Ukishika pembeni kushoto na kulia na kukuta mchezo huko tu, mara nyingi ni tairodi, ule mkono wa usukani unaokata tairi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha springi. Weka mkono mmoja kwenye springi ya shokapu, kwa mkono mwingine zungusha tairi taratibu. Beringi mbovu utaisikia kwenye vidole, kama mchanga unasagwa. Linganisha na upande wa pili kabla hujatoa hukumu.

Beringi na vifaa

Nunua beringi pamoja na sili zake mbili, ya ndani na ya nje, saklipu mpya (pete ya springi inayozuia beringi isitoke) na pini mpya ya kufungia nati ya shafti, ule mhimili unaozungusha tairi. Usirudishe sili za zamani. Beringi nyingi hapa Dar es Salaam huuawa na maji: mvua za masika zikijaza barabara unapita kwenye dimbwi habu (kitovu kinachofungiwa tairi) ikiwa ya moto, inapoa ghafla, na maji yanavutwa ndani kupitia mdomo wa sili uliochakaa. Sili ni rahisi kuliko beringi.

Feki ni nyingi, na boksi zuri si ushahidi. Nenda na beringi ya zamani au namba ya chesisi, nunua kwenye duka ambalo litakupokea ukirudi. SKF wana programu ya simu iitwayo SKF Authenticate, unapiga picha za boksi na beringi unawatumia wakague. Beringi mpya usiioshe kwa petroli wala usiifungue kuongeza grisi, iache ndani ya mfuko wake mpaka dakika ya presi.

Vifaa: jeki, stendi, soketi ya milimita 30 kwa nati ya shafti, 21 kwa nati za tairi, 19 kwa bolti za shokapu, 17 kwa sehemu nyingi zilizobaki, bomba la kurefushia mpini, nyundo, kipande cha mbao, waya, na spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza. Kama huna spana ya toki, azima. Nati ya shafti kwenye gari hili inakazwa kwa nyutonimita 216, na hiyo ndiyo inayoishikilia beringi katika mkao wake.

Kufungua

Anza gari likiwa bado chini, kwenye sakafu ngumu. Vuta breki ya mkono, weka vizuizi nyuma ya matairi ya nyuma. Toa kifuniko cha katikati ya rimu, chomoa pini, ondoa kofia ya kufungia nati. Mwenzako akikanyaga breki kwa nguvu, legeza nati ya 30 kwa mpini mrefu. Ipulizie mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia, itakusaidia. Legeza na nati za tairi kidogo.

Inua gari, weka stendi chini ya fremu, kisha litikise kwa mkono kabla hujaingiza kichwa popote. Kama ua wako ni mchanga, tandika ubao mpana chini ya jeki na chini ya stendi. Tofali usitumie kabisa. Tofali la saruji hupasuka bila kutoa dalili, na kazi hii ina kugonga na kuvuta kwingi. Tairi ulilotoa lilaze chini ya gari pembeni, likawe akiba ya mwisho.

Kalipa, kile kibanio cha breki, ina bolti mbili za 17 kwa nyuma. Ikitoka, ifunge kwa waya kwenye springi, usiiache ining'inie kwa mpira wa breki. Diski ikigoma, tafuta matundu mawili madogo yenye nyuzi: ingiza bolti za milimita 8, kaza moja baada ya nyingine, nayo itajisukuma yenyewe. Gari likiwa na ABS (breki zisizofunga matairi), toa sensa yake sasa na waya uuweke mbali.

Tairodi: chomoa pini, legeza nati lakini iache ishike nyuzi chache. Gonga ubavu wa mkono wa nako, pale shina la tairodi lilipoingia, mapigo mawili matatu makali. Shina litaachia lenyewe. Ukigonga nyuzi utanunua na tairodi. Bolijointi ya chini usihangaike kuing'oa kwenye nako. Fungua bolti moja na nati mbili zinazoishika kwenye mkono wa chini, ukandamize mkono kwa bomba mpaka itoke.

Kabla ya kugusa bolti mbili za shokapu, chora alama kwa rangi mahali nako ilipokaa juu ya shokapu. Alama hiyo itakusaidia kurudisha tairi karibu na mkao wake wa awali. Kisha irudishie nati ya shafti mpaka iwe sawasawa na ncha, weka mbao juu, gonga shafti iingie ndani kidogo. Toa nati, toa bolti za shokapu, vuta nako. Shafti usiivute kuja kwako, jointi ya ndani inaweza kuchomoka. Ifunge kwa kamba ikae imelala.

Uani kazi ya kufungua imeisha. Safisha nako matope yote, uifunge kwenye gunia.

Kwenye presi

Mafundi wa presi hawakosekani mjini. Ukiwa karibu na Gerezani utawapata wengi, na wengi wao ni hodari. Lakini wana haraka, foleni ni ndefu, na kosa linaloua beringi mpya halionekani kwa macho. Simama karibu, zungumza naye kwa heshima kabla hajaanza: "Fundi, naomba pete ya ndani tuiwekee kishikizo."

Beringi ina pete mbili, ya nje na ya ndani, gololi zikiwa katikati. Kanuni ni moja. Nguvu ya presi ipite kwenye pete inayobanwa, isipite kwenye gololi. Beringi inapoingia kwenye nako, inayobanwa ni pete ya nje, basi sukuma pete ya nje peke yake. Habu inapoingia kwenye beringi, inayobanwa ni pete ya ndani, basi pete ya ndani iwe imeshikiliwa kutoka chini. Ukilaza nako mezani na kusukuma habu kutoka juu bila kishikizo hicho, nguvu yote itatoka pete ya ndani, ivuke gololi, ndipo ifike pete ya nje. Hayo ni yale yale ya nyundo yangu, ila kwa tani nyingi zaidi.

Mpangilio wa kutoa: sahani ya kuzuia vumbi na sili ya ndani, kisha saklipu, kisha habu inasukumwa nje, kisha kava la bati la diski na sili ya nje, kisha beringi. Habu ikitoka, pete moja ya ndani kwa kawaida hubaki imeng'ang'ania shingo yake. Itolewe kwa pula, kifaa cha kuvutia. Kama hakuna, fundi aikate kwa grenda mpaka karibu imalize unene, kisha aipasue kwa tindo, bila kugusa shingo ya habu. Sasa itazame shingo hiyo vizuri. Ikiwa na rangi ya bluu ya kuungua, au mikwaruzo ya kuzunguka, au beringi mpya inateleza kuingia kwa mkono, nunua habu nyingine. Beringi nzima kwenye habu iliyolika haidumu.

Mfereji wa saklipu na tundu la nako zisuguliwe mpaka ziwe safi. Pete ya nje ya beringi ya zamani usiitupe: ikisagwa kidogo kwa nje isikwame, inakuwa kisukumizi chenye kipenyo sahihi kabisa.

Kurudisha: beringi iingie mpaka mwisho. Sili ya nje. Kisha kava la bati la diski lifungwe kabla ya habu. Hili husahaulika sana, na habu ikishaingia kava halipiti tena, mtalazimika kutoa habu, na kuitoa kwaweza kuiharibu beringi ambayo haijatembea hata mita moja. Baada ya hapo habu, pete ya ndani ikiwa na kishikizo, halafu saklipu. Iingie yote kwenye mfereji wake. Kama mfereji hauonekani wote, beringi haijafika mwisho. Malizia na sili ya ndani, midomo ya sili ikiwa imepakwa grisi.

Zungusha habu kwa mkono pale pale kabla hujalipa. Iwe nzito kidogo na laini. Ukisikia inakwaruza, usiondoke.

Kufunga

Nyumbani rudi kinyume: shafti kwenye habu ikiwa na grisi kidogo kwenye meno, shokapu kwa alama yako, bolijointi, tairodi na pini mpya, diski, kalipa. Bolti za kalipa kwenye gari hili ni nyutonimita 107.

Nati ya shafti ikaze kabla gari halijashuka. Beringi ya aina hii ina pete ya ndani ya vipande viwili, na nati ndiyo inayovibana pamoja. Ikibeba uzito wa gari nati ikiwa imelegea, inaumia. Kwa hiyo gari likiwa kwenye stendi, mwenzako akanyage breki, kaza mpaka 216. Ukikwama kabisa bila spana ya toki, mtu wa kilo 70 akiweka uzito wake wote taratibu kwenye mpini uliolala sambamba na ardhi, sentimita 31 kutoka katikati ya nati, anakaribia nguvu hiyo. Bado nasema azima spana. Kofia ya kufungia igeuze mpaka tundu lilingane na pini, usilegeze nati kutafuta tundu.

Rudisha tairi, shusha gari, nati za tairi kwa nyutonimita 103, ukikaza kwa kuvuka upande. Kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe gari. Ukisahau hili, breki ya kwanza itazama mpaka chini nawe uko getini.

Tembea kilomita 10 bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na rimu zote mbili za mbele. Upande mpya ukiwa na joto kupita wa pili, rudi uangalie. Baada ya siku mbili tatu pitia nati za tairi tena, na wiki hiyo hiyo lipeleke gari likapimwe alaimenti, yaani mkao wa matairi.