Lushoto au Amani: namna ya kuchagua mahali pa likizo milimani kwa familia inayotoka Tanga

Mwezi Juni mwalimu mmoja wa hapa Ngamiani aliniomba nimsaidie kuamua. Alikuwa na siku nne za likizo, mke, watoto watatu na mama mkwe mwenye maumivu ya magoti, na alikuwa amebakiwa na sehemu mbili, Lushoto na Amani. Picha hazikumsaidia, kwa kuwa zote mbili zina ukungu, miti na vilima vya kijani. Hatua nilizopitia naye ndizo ninazozitumia kwa kila familia ninayoipangia safari.

Hatua ya kwanza: mjue aliye dhaifu kuliko wote

Andika kwenye karatasi nani hawezi kupanda mlima, nani hutapika garini penye kona, na nani hastahimili baridi. Ninasisitiza karatasi, wala si simu, kwa sababu karatasi huwekwa mezani na nyumba nzima ikaiona.

Hatua ya pili: linganisha mwezi na mwinuko

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za sentigredi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Amani iko kama mita 900, kwa hiyo anayetoka Raskazone akiwa na shati jepesi ataiona Amani kuwa na ubaridi wa kupendeza, ilhali Lushoto mwezi Julai usiku atahitaji sweta na blanketi mbili. Mvua nayo haifanani. Amani hupata wastani wa karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kuahidiwa kuwa mkavu kabisa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, simshauri mtu yeyote mwenye watoto wadogo kwenda Amani, na sababu yake imo katika hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: chunguza kilomita za mwisho za barabara

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima, na ndiyo maana ninaomba hatua hii isomwe polepole. Kwa umbali, Amani inaonekana kushinda bila ubishi: kutoka Tanga ni kama kilomita 70 kupitia Muheza, ilhali Lushoto ni zaidi ya kilomita 150 kupitia Segera, Korogwe na Mombo. Lakini njia ya Lushoto ni ya lami mpaka mjini, pamoja na kilomita 33 hivi za kupanda kutoka Mombo, na yapo mabasi yanayotoka Tanga moja kwa moja. Njia ya Amani, ukishapita lango la Zigi, hupanda msituni kwa kona kali na udongo mwekundu ambao ukilowa huwa kama sabuni.

Mwezi Aprili wa mwaka mmoja niliipeleka familia Amani kwa Noah. Tulipita Zigi saa tano asubuhi jua likiwaka, kumbe juu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwenye kona ya tatu au ya nne magurudumu yalianza kuzunguka bure, gari likarudi nyuma mpaka ubavu ukagusa ukingo, na tukakaa hapo hadi karibu na magharibi, watoto wakiwa na njaa, mpaka lilipopatikana gari la kutuvuta. Siku iliyotangulia nilikuwa nimepiga simu na kuuliza kama barabara ni nzuri, nikajibiwa kuwa ni nzuri. Aliyenijibu hakusema uongo, kwani kwake yeye, anayepita hapo kwa miguu na kwa pikipiki, ilikuwa nzuri.

Tangu siku hiyo siulizi tena kama barabara ni nzuri. Ninauliza: gari la mwisho kufika hapo lilikuwa la aina gani, na lilifika lini? Kisha: mvua ilinyesha lini mara ya mwisho? Majibu ya maswali haya mawili hayategemei maoni ya mtu. Ukiambiwa kwamba jana limepanda gari dogo, nenda. Ukiambiwa kwamba wiki nzima zimepanda Land Cruiser tu, kodi gari la juu lenye kuvuta magurudumu yote manne, au badilisha uamuzi. Piga simu mara mbili, siku tatu kabla na asubuhi ya safari. Usidhani kwamba lami inakuondolea kazi hii kwa upande wa Lushoto, kwa maana mvua kubwa huporomosha udongo na mawe kati ya Mombo na Soni. Huko swali ni kama basi la asubuhi limefika.

Anayetegemea usafiri wa umma achague Lushoto. Magari ya kutoka Muheza kwenda Amani ni machache, na ukilikosa utalala Muheza.

Hatua ya nne: pima shughuli kwa karatasi ile ya kwanza

Amani ni mahali pa kutembea na kutazama: bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, vinyonga, ndege, vijito, mashamba ya chai. Mimi binafsi ninaipenda kuliko Lushoto. Lakini asiyeweza kutembea saa mbili atabaki kibarazani. Lushoto humpa mtu wa aina hiyo zaidi, kwani gari humfikisha karibu na ukingo wa Irente, akaona bonde la Mazinde chini yake, kisha akala mkate na jibini za shamba la jirani, wakati vijana wanapanda msitu wa Magamba.

Hatua ya tano: gharama

Jumlisha gari, chakula na viingilio. Bei ya chumba peke yake hupotosha. Beba vitambulisho vya taifa, kwa kuwa viingilio vya hifadhi kwa raia ni tofauti na vya wageni.

Hatua ya sita: kuondoka na kurudi

Mwalimu alichagua Lushoto kwa sababu ya magoti ya mama mkwe, na Amani akaiweka Septemba kwa ajili yake na watoto wakubwa. Nilimwambia aondoke Tanga saa kumi na mbili asubuhi ili kona azipande mchana, na wakati wa kushuka kutoka Lushoto dereva atumie gia nzito tangu mwanzo, asikae kwenye breki. Ikisikika harufu ya kuungua, wasimame Soni angalau nusu saa, breki zipoe, na maji yasimwagwe kwenye magurudumu yenye moto.