Kusoma Shahada ya Sheria Mwanza: Anza na Kusoma Hukumu

Wengi wanaoanza shahada ya sheria hapa Mwanza, iwe SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino) kule Malimbe au chuo kingine, wametoka michepuo ya kidato cha sita ya HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) wakiwa hodari wa kukremu. Kukremu kunaweza kukuvusha muhula wa kwanza, kisha kukakuachia sapu, yaani mtihani wa marudio, kwenye masomo ya Ushahidi na Mwenendo wa Mashauri. Swali la mtihani wa sheria ni nadra kuuliza kifungu kinasema nini. Linakupa ugomvi wa watu na kutaka useme nani ana haki, na kwa nini. Mahali pa kujifunzia hilo ni kwenye hukumu zenyewe, si kwenye madesa, yale maandishi ya wanafunzi waliotangulia.

Chukua hukumu iliyotolewa hapa hapa, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990: Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, mbele ya Jaji Mwalusanya. Hukumu za Tanzania zinapatikana bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria. Isome mara tatu.

Mara ya kwanza weka kalamu chini, ujue tu nani anamdai nani nini. Mwanamke wa Kihaya, Holaria, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo, Bernardo, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, akashinda. Mahakama ya Wilaya Muleba ikatengua, naye akakata rufaa Mwanza. Safari hiyo iandike mahakama kwa mahakama, mistari mitatu inatosha. Usipofanya hivyo utakuja kunukuu maneno ya mahakama ya chini ukidhani ndiyo uamuzi wa mwisho.

Mara ya pili tafuta swali lililoamuliwa. Hapa ni moja: je, mila inayomkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, wakati mwanamume anaweza, inasimama mbele ya haki za msingi zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984? Jaji alisema haisimami, ni ubaguzi.

Mara ya tatu ni ya msingi wa uamuzi, na hapa ndipo alama zinapopotea. Utakuta mwanafunzi ameandika kwamba kesi hii iliwapa wanawake haki ya kurithi. Siyo. Urithi haukuwa na ubishi, wosia ulikuwepo. Kilichoamuliwa ni kuuza, tena kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume: mlalamikaji alipewa miezi sita kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi zile 300,000. Ukiiweka kesi hii kwenye swali la mirathi kana kwamba inamaliza ubishi, msahihishaji anajua hukuisoma.

Muhtasari wako uishie ukurasa mmoja: wahusika, yaliyotokea, swali, uamuzi, msingi wake. Ukizidi hapo, umenakili.

Kwenye vifungu, kila mara angalia toleo la sheria. Namba za vifungu zinaweza kuhama kutoka toleo la 2019 hadi la 2023, na desa la kaka aliyemaliza zamani halitakuambia. Kesi nayo, kabla ya kuinukuu, hakikisha Mahakama ya Rufani haijaitengua.

Ndani ya chumba cha mtihani, gawa muda kwanza. Saa tatu kwa maswali manne ni dakika 45 kila moja, na 10 za mwanzo ni za kupanga jibu kwenye karatasi ya rafu: swali la kisheria, sheria inayohusika, jinsi inavyoyagusa mambo ya watu hawa, jibu. Wengi hujaza kurasa mbili za sheria na kumaliza kwa “hivyo Juma anawajibika”. Hiyo sehemu ya tatu waliyoiruka ndiyo yenye alama nyingi.

Darasani ni Kiingereza, ila mteja wako wa kesho, mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, atakueleza shida yake kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwa hiyo tenga daftari la istilahi: mleta rufaa, mjibu rufaa, pingamizi la awali, hati ya kiapo. Siku isiyo na vipindi nenda ukakae mahakamani. Mashauri mengi husikilizwa hadharani, huhitaji mwaliko. Vaa nadhifu, zima simu, sikiliza jinsi shahidi anavyohojiwa.

Shahada peke yake haikufanyi wakili. Baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndipo uombe kwa Jaji Mkuu kuandikishwa. Kabla hujafika huko, linganisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita na kwenye rekodi za chuo. Herufi moja ikitofautiana, lishughulikie ukiwa bado mwaka wa kwanza.