SOMO: Kuisoma ramani ya uchaguzi wa Marekani mwenyewe

Habari zenu wakuu. Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, watu hubishana kwa kura za nchi nzima, wakati rais wa kule hapatikani hivyo. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa karibu kura milioni 3, na bado akashindwa. Ukiipaka rangi ramani kwa mkono wako mara moja tu, utaelewa.

Hatua ya 1. Fungua tovuti ya 270toWin, chukua ramani tupu. Ukibofya jimbo linabadilika rangi: bluu ni chama cha Democratic, nyekundu ni chama cha Republican, na hesabu inajipanga yenyewe. Rais huchaguliwa kwa kura za wajumbe: kila jimbo lina idadi yake, na karibu kila mahali anayeongoza jimboni huzizoa zote. Jumla ni 538. Mshindi anatakiwa afikishe 270.

Hatua ya 2. Maliza kwanza majimbo yasiyo na ubishi. California (54) na New York (28) bluu, Texas (40) na Florida (30) nyekundu, na kuendelea. Usihadaike na ukubwa wa ardhi: Alaska ndilo jimbo kubwa kuliko yote, lakini lina kura 3 tu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye utamu, msiparuke. Kwa ramani ya 2024 yanabaki majimbo saba ya ushindani: Pennsylvania 19, North Carolina 16, Georgia 16, Michigan 15, Arizona 11, Wisconsin 10 na Nevada 6. Bluu ina 226, nyekundu 219. Wape bluu Pennsylvania, Michigan na Wisconsin peke yake, manne yaliyobaki yawe nyekundu: bluu inapata 270 kamili! Sasa nenda Nebraska, ambayo kama Maine hugawa baadhi ya kura zake kwa wilaya za uchaguzi. Ile wilaya ya pili, yenye mji wa Omaha, igeuze nyekundu. Unapata 269 kwa 269. Kura moja tu. Ndiyo maana mwaka 2024 Republican walihangaika kuibadilisha sheria ya Nebraska, wakakwama. Mwishowe Trump aliyazoa yote saba, akafikisha 312.

Hatua ya 4. Sasa soma tovuti za utabiri. Mwaka 2016 FiveThirtyEight ilimpa Trump uwezekano wa kushinda wa takriban asilimia 29, watu wakasoma "hawezi". Kurusha sarafu mara mbili na kupata upande unaoutaka zote mbili ni asilimia 25, na hutokea kila siku. Waliompa Clinton zaidi ya asilimia 98 walichukulia makosa ya kura za maoni kana kwamba kila jimbo linakosea kivyake. Haiwi hivyo. Ukikosea Wisconsin, jirani yake Michigan huenda umeikosea upande uleule.

MASWALI

*Mkuu, mgombea akipewa asilimia 60 si ndiyo kura atakazopata?*
Hapana. Ni uwezekano wa kushinda. Anayetegemewa kupata asilimia 52 ya kura anaweza kupewa uwezekano wa 80.

*FiveThirtyEight mbona siipati?*
ABC News waliifunga Machi 2025. Mwanzilishi wake, Nate Silver, alishaondoka 2023, na sasa anaandika Silver Bulletin.

*Wakifungana 269 inakuwaje?*
Baraza la Wawakilishi linachagua rais, ila kila jimbo lina kura moja, na zinahitajika 26. California na Wyoming zinakuwa sawa hapo.