Mlipuko wa gamma (mmweko mkali wa miale ya gamma kutoka mbali angani) ukitokea, fanya hivi chapchap
Alati (taarifa ya haraka) ya Swift, setilaiti ya NASA inayowinda milipuko hii, ikiingia kwenye simu usingoje kesho jamani, mwanga unaobaki baada ya mlipuko unafifia haraka mno na saa ya kwanza ndo tamu kuliko zote. Anza na mahali palipotajwa na BAT, kifaa cha Swift kinachonasa mlipuko kwanza, afu XRT, darubini yake ya eksirei, ikishapunguza eneo mpaka sekunde chache za tao (sekunde moja ya tao ni 1/3600 ya digrii), elekeza darubini yako hapo upige picha kwa filta nyekundu, coz vumbi na umbali vinakula mwanga wa bluu, kisha linganisha na picha za zamani za anga. Nukta mpya inayofifia ndo yenyewe! Tangaza GCN, mtandao wa wanaastronomia wa kupeana taarifa za milipuko, hapohapo ili darubini kubwa zichukue spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake), kama VLT, darubini kubwa ya Chile, ilivyofanya kwa mlipuko wa GRB 221009A mwaka 2022, redishifti (kipimo cha mwanga kuvutika kuelekea wekundu, kinachoonyesha umbali) ikatoka 0.151. Usiku unaofuata piga picha tena.