Soksi za maua ya rangi mbili: rangi kwanza, sindano baadaye

Njombe mwezi wa Juni na Julai, alfajiri vidole vya miguu vinakufa ganzi kabla hujafika jikoni. Soksi nyembamba ya dukani haikusaidii kitu. Nilianza kufuma za kwangu kwa sababu hiyo, za rangi moja, na zilitosha mpaka nilipotamani maua.

Jozi yangu ya kwanza ya maua niliifuma kwa damu ya mzee na kijani cha chupa. Madonge mawili yakiwa mezani yalipendeza mno. Nilifuma jioni nne. Nilipozivaa, jirani yangu aliniambia, "Dada, soksi zako za kahawia nzuri." Maua yalikuwepo, tena yamefumwa vizuri, lakini hatua tatu tu kutoka mguuni hakuna jicho lililoyaona. Tangu siku hiyo sishiki sindano kabla sijamaliza kazi ya rangi. Kwa hiyo kwenye mwongozo huu nitakaa sana hapo.

Maneno mawili tuelewane: "uwanja" ni rangi ya nyuma iliyotanda, na "maua" ni rangi inayochora juu yake.

Hatua ya 1: Pata uzi unaofaa mguu

Uzi wa soksi ni mwembamba na uliosokotwa sana. Ule mzuri kabisa ni sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25: sufu inashika joto na kunyonya jasho, nailoni inazuia kisigino kisitoboke. Kwenye maduka yetu mengi utakuta akriliki, uzi wa plastiki unaoigiza sufu. Soksi ya akriliki ni ya kulalia. Ndani ya kiatu mguu unalowa.

Mimi sufu yangu kubwa naipata mitumbani. Natafuta sweta la uzi mwembamba ambalo mishono yake ya pembeni haikukatwa kwa mkasi, maana lililokatwa ukilifumua linakupa vipande vifupi vifupi. Kama lebo imekatwa, chomoa uzi kidogo uuchome kwa kiberiti. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki jivu linalosagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kipunje kigumu. Ukishafumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka, kisha tundika ukauke. Mikunjo yote inanyooka.

Chukua gramu 70 za uwanja na gramu 50 za maua kwa jozi ya mtu mzima, ikibaki, ibaki. Nyuzi zote mbili ziwe unene mmoja na, ukiweza, za aina moja. Sufu ikichanganywa na akriliki kwenye soksi moja, moja inarudi na kuwa ndogo maji yakiigusa na nyingine hairudi.

Hatua ya 2: Chagua rangi kwa uzito wake

Wengi tunachagua rangi kwa jina: nyekundu na kijani, buluu na zambarau. Jicho likiwa mbali halisomi jina kwanza, linasoma uzito, yaani rangi imekoza kiasi gani kuelekea weusi au imepauka kiasi gani kuelekea weupe. Damu ya mzee ni nzito. Kijani cha chupa ni kizito vilevile. Ndiyo maana zangu zilimezana.

Tazama kisutu. Kina wekundu, weusi na weupe. Wekundu ule na weusi vyote ni vizito, na ukiviacha peke yake vinakaribia kushikana. Weupe ndio unaoingia katikati na kuyaonyesha maua, mpaka unayatambua hata yakiwa upande wa pili wa barabara. Kanuni yote ya soksi hizi imo kwenye nguo ile.

Nina vipimo vitatu, na ninavifanya vyote.

Cha kwanza ni simu. Panga madonge karibu na dirisha, piga picha, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Nilipokuja kuipiga hivyo ile jozi yangu ya kwanza, sikuweza kusema kijani kinaanzia wapi: mguu mzima ulikuwa kijivu kimoja. Rangi mbili zikitoka kijivu kinachofanana, ziachanishe hata kama unazipenda.

Cha pili, kata uzi wa kiganja kimoja kutoka kila donge, sokota pamoja, kisha unyooshe mkono. Ukiona kamba yenye mistari kama pundamilia, endelea. Ukiona rangi ya tatu ambayo hukuinunua, rudi dukani.

Cha tatu kinahusu kuchuja, na hiki usikiruke hata siku moja. Lowesha kipande cha uzi, hasa mwekundu, buluu iliyokoza au mweusi, ukifunge ndani ya kitambaa cheupe na ukiache usiku kucha chini ya kitu kizito. Niliwahi kuuziwa uzi mwekundu nikaapiwa kwamba hauchuji. Nikaufuma juu ya uwanja mweupe. Ulipofuliwa mara ya kwanza, theluji yangu yote ikawa waridi, na ilikuwa jozi ya mteja.

Mchanganyiko ambao haujawahi kuniangusha ni buluu iliyokoza na nyeupe ya maziwa. Halafu kahawia ya kahawa na manjano ya embe. Damu ya mzee inataka mwenzake awe mpauko: kijivu cha majivu au rangi ya mchanga. Waridi mpauko na kijivu mpauko wanavutia dukani, lakini mguuni hawaonani. Uzi unaobadilika rangi wenyewe unatumika, ila hakikisha hakuna sehemu yake hata moja inayofikia uzito wa uwanja, la sivyo maua yatakuwa yanazama na kuibuka.

Waliobobea katika kazi hii wanaonyesha jambo hilohilo. Kule Selbu, Norway, inasimuliwa kwamba mwaka 1857 binti aitwaye Marit Guldsetbrua Emstad alifuma glavu zenye nyota ya ncha nane, na mpaka leo glavu za Selbu zinajulikana kwa weusi na weupe. Fair Isle, kisiwa kidogo cha Scotland, sweta zake zinaonekana kuwa na rangi saba au nane. Ukihesabu mzunguko mmojammoja utakuta ni rangi mbili tu. Wanabadilisha uwanja au maua kila baada ya mizunguko michache, lakini mkononi hawashiki zaidi ya nyuzi mbili. Anza na mbili soksi nzima. Ya tatu utaiongeza ukishazoea.

Hatua ya 3: Pima

Tumia sindano tano zenye ncha mbili, seti mbili: milimita 2.25 na milimita 2.5. Fuma kipande cha mviringo chenye maua, kioshe, kikauke, kisha hesabu. Tunataka vitanzi 32 kwa sentimita 10. Vitanzi 72 basi vinakupa kama sentimita 22.5 za kuuzunguka mguu, kipimo cha kawaida cha mwanamke. Ukipata vitanzi vingi zaidi, panda sindano moja.

Usifume kipande bapa cha kwenda na kurudi. Mkono hauvuti sawasawa ukigeuza, na kipimo kitakudanganya.

Hatua ya 4: Mdomo wa soksi

Anzisha vitanzi 72 kwa rangi ya uwanja, vilegee, kwa sababu mdomo lazima upite kwenye kisigino. Gawa 18 kwa kila sindano ya 2.25, unganisha mviringo bila kuusokota. Fuma viwili vya mbele, viwili vya nyuma, mizunguko 16. Kisha hamia sindano za 2.5, fuma mizunguko miwili ya vitanzi vya mbele vitupu.

Hatua ya 5: Maua

Ua hili ni almasi ya vitanzi sita. Linajirudia mara 12 kwenye mzunguko, mara tatu kwa kila sindano, kwa hiyo ukikosea unajua kabla hujamaliza sindano. A ni maua, U ni uwanja, na namba ni idadi ya vitanzi:

Mzunguko 1: A1, U5
Mzunguko 2: A2, U3, A1
Mzunguko 3: A3, U1, A2
Mzunguko 4: kama wa 2
Mzunguko 5: kama wa 1
Mzunguko 6: U yote

Rangi isiyofanya kazi inapita nyuma. Hapa ndipo soksi nyingi zinaharibika. Ukiivuta ile nyuzi ya nyuma, soksi inakakamaa na haipiti kisigino, hata kama vitanzi ni 72 kamili. Kila unapobadilisha rangi, kwanza tandaza vitanzi vya sindano ya kulia kwa kidole gumba mpaka vinyooke, ndipo ulete rangi mpya. Kama bado inabana, geuza kazi nje-ndani: nyuma ya soksi iwe upande wa nje, nawe ufume ukiwa unatazama ndani ya tundu. Nyuzi za nyuma zinapita ukingo wa nje, zinalazimika kuwa ndefu kidogo. Kwangu hii ndiyo iliyomaliza tatizo hasa pale sindano zinapokutana.

Jambo la pili ni nyuzi ipi iwe juu na ipi chini. Nyuzi inayotokea chini inasafiri mbali kidogo zaidi, kitanzi chake kinakuwa kikubwa, na rangi yake inajitokeza. Basi maua yatoke chini, uwanja upite juu, kila mara, bila kubadilisha. Mimi nashika maua kwa mkono wa kushoto na uwanja kwa wa kulia, donge moja kila upande wa kiti. Ukibadilisha katikati, utaona almasi za juu zimenona na za chini zimekonda, kwa uzi uleule. Hata soksi ya pili ishike hivyohivyo. Andika kwenye karatasi kabla hujalala.

Ukitaka ua jingine, chagua ambalo rangi moja hairuki zaidi ya vitanzi vitano. Ikizidi, zipishanishe nyuzi mbili mara moja katikati, maana uzi mrefu wa ndani unakamata kidole gumba.

Hatua ya 6: Weka nafasi ya kisigino

Shingo ikifika sentimita 12 chini ya mdomo, maliza kwa mzunguko wa uwanja mtupu. Chukua uzi wa rangi ya ajabu, wowote, fuma nao vitanzi 36 vya sindano mbili. Virudishe vitanzi hivyo kwenye sindano ya kushoto, uvifume tena kwa uzi wako, uendelee na maua kama hakuna kilichotokea. Kisigino kinakuja mwisho. Almasi hazikatiki, na kisigino kikichakaa baadaye unakifumua peke yake bila kugusa soksi.

Hatua ya 7: Unyayo, vidole, kisigino

Kwa mguu wenye urefu wa sentimita 24, fuma sentimita 14 toka ule uzi wa ajabu. Vidole vitachukua kama tano, kisigino tano.

Vidole nafuma kwa uwanja mtupu. Punguza vitanzi vinne, viwili kila pembeni, mzunguko mmoja ndiyo mmoja hapana, mpaka vibaki 36. Kisha kila mzunguko mpaka 16. Shona nane kwa nane kwa sindano butu, ukifuata njia ya vitanzi, pasiwe na mshono wa kukwaza.

Kwa kisigino, chomoa uzi wa ajabu polepole huku ukiokota vitanzi juu na chini. Okota viwili vya ziada kila pembe ili tundu lisibaki, uvipunguze mzunguko unaofuata urudi 72. Halafu fuma kama vidole. Kama nina uzi mwembamba wa nailoni, naupitisha pamoja na sufu hapa.

Hatua ya 8: Osha kabla ya kuhukumu

Soksi ikitoka kwenye sindano ina mabonde. Usiifumue. Ficha ncha za nyuzi, iloweke dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, ikamue ndani ya taulo, kisha ivishe boksi gumu ulilokata umbo la mguu na kulifunika nailoni. Anika kivulini. Kesho yake almasi zitakuwa zimelala sawa, na hapo isimamishe ukutani, rudi nyuma hatua tatu uitazame.